Hivi kumwombea mgonjwa wodini ni lazima kwanza tumuulize anasali wapi?

Kisiki cha Mpingo (mtoa mada)

Wakuu habari za jioni, shikamooni wakubwa wote mliomo humu. Uzi ni mrefu kidogo, asiye na muda apite tu salama, na mods naombeni msiuunganishe na zile nyuzi za manabii maana mada sio hiyo japo najua mtaifikisha huko tu.

Ipo hivi. Kanisani kwetu (ni kanisa la kawaida tu, kwaya ipo, umoja wa wanawake upo, mchango wa jengo usioisha upo) tuna kikundi cha kutembelea wagonjwa. Jumamosi saa ya kuona wagonjwa tunaingia hospitali ya serikali iliyo jirani, tunapita wodi mbili tatu, tunaomba, tunaimba kidogo kama sista wa zamu karuhusu, tunaacha sabuni na vitu vidogovidogo tunaondoka. Sasa mfuko umekauka, hali yenyewe mnaijua, kwenye kikao akasimama mzee mmoja, mtu wa heshima zake wala simsemi vibaya, akasema kuanzia sasa tuende na orodha. Orodha ya washirika wetu waliolazwa. Tukifika ni moja kwa moja kitanda cha mshirika, anaombewa, anapewa kifurushi chake, tunatoka. Hao wengine wana makanisa yao na misikiti yao, watajiwa na watu wao. Nusu ya kikao amina.

Nikauliza sasa yule wa kitanda cha pili anayetuangalia tunafungua hotipoti inakuwaje? Nikajibiwa, huyo tumuulize anasali wapi, kama hana pa kusali basi huo ni mlango, tumpe na namba ya mwinjilisti.

Yaani kwa hesabu hiyo wodini kuna watu wa aina tatu: wa kwetu, wa kwao, na samaki wa kuvuliwa. Mi hapo ndio nilipogoma na ndio maana nimekuja huku.

Tuanze na Biblia yenyewe kabla hatujaenda mbali, maana mzee alinisomea Wagalatia sita kwamba tutende mema hasa kwa jamaa ya waaminio. Ni kweli imeandikwa, ila huo mstari unaanza na "watu wote" ndio unakuja "hasa", watu wanaruka mwanzo. Halafu someni 2 Wafalme 5. Naamani ni jemadari wa jeshi la Shamu, sio tu mgeni, ni adui, nyumbani kwake mjakazi ni kabinti ka Kiisraeli walikokateka vitani. Na ni kale kabinti ndiko kalikosema laiti bwana wangu angekuwa na nabii aliyeko Samaria. Fikiria, umetekwa, unatumikishwa, na bado unamwonea huruma aliyekuteka. Naamani anakuja na msururu wa farasi na fedha, Elisha hata nje hatoki, anatuma mtu amwambie akajichovye Yordani mara saba. Hakuna fomu, hakuna unasali wapi, hakuna sadaka ya mbegu. Anapona, anarudi na zawadi, Elisha anakataa katakata. Na kinachonifurahisha zaidi, Naamani anasema mimi nikirudi kwetu bosi wangu mfalme atakuwa ananiegemea mkono tukiingia nyumba ya Rimoni, mungu wao, nitainama naye, nisamehewe. Elisha anamwambia aende kwa amani. Basi. Hakumwambia hama, hakumwambia acha kazi kwa mfalme.

Anayetaka malipo pale ni Gehazi, aliyekimbilia gari la Naamani nyuma ya mgongo wa bosi wake akatunga kisa cha wageni wawili, akarudi na talanta mbili za fedha na nguo. Mnajua alichovuna: ukoma wa Naamani. Wakati mwingine nikiona mabango ya mikutano ya uponyaji mjini hapa namkumbuka Gehazi kuliko Elisha, ila hiyo tuiache.

Luka 17, wakoma kumi, aliyerudi kushukuru mmoja, tena Msamaria. Bwana aliuliza wale tisa wako wapi, aliumia ndio, lakini hakuna sehemu imeandikwa kwamba walinyang'anywa uponyaji wao kwa kutorudi. Na Marko 9 wanafunzi wanakuja wamevimba, tumemkataza mtu anatoa pepo kwa jina lako kisa hafuatani nasi. HAFUATANI NASI. Hawakusema anatoa vibaya, wamesema sio wa kundi letu. Wakaambiwa msimkataze.

Na hii kitu sio ngeni kwetu hapa. Wazee wa Dar, hasa Waanglikana, watamkumbuka Edmund John, mdogo wake askofu mkuu John Sepeku. Hakuwa padri wala mchungaji, mlei tu. Kuanzia 1972 mpaka alipofariki 1975 alizunguka akiombea wagonjwa, umati unakuja, Waanglikana, Walutheri, Wakatoliki, Waislamu, na wasio na dini yoyote. Alipoondoka duniani hakuacha kanisa lenye jina lake. Mtu wa umati ule angeamua kufungua la kwake saa hiyo hiyo lingejaa, kaka yake ndiye mkuu wa jimbo zima nani angemzuia, lakini alibaki muumini wa kawaida wa kanisa lake na watu walirudi kila mtu kwao.

Kwahiyo hoja yangu ni hii. Ukisema kanisa lako lina huduma ya uponyaji, ipimwe kwa mtu ambaye hatakuja kukaa kwenye benchi lako hata siku moja na hana cha kukupa. Ukimhudumia wa kwako tu hiyo nayo ni nzuri, ni kusaidiana, hata vikoba wanafanya, ila usiiite huduma ya uponyaji.

Karibuni, matusi pembeni.

---

Mbishi Asilia

Kwanza hongera kwa kuandika, pili mimi naona mngebaki kanisani kwenu. Hospitali ni sehemu ya tiba, mtu ana dripu mkononi kichwa kinagonga we unamwimbia. Paracetamol haina dhehebu. Dini zikae mbali na wodi kabisa, wa kwenu na wasio wa kwenu.

---

Moto wa Uamsho

Mtoa mada umeandika vizuri ila umekata maandiko katikati. Naamani alisema mwenyewe kwamba sasa najua hakuna Mungu duniani mwote ila katika Israeli, akaomba na mzigo wa udongo wa nyumbu wawili akamwabudie Bwana. Hiyo ni kuokoka. Uponyaji wa mwili bila roho ni nusu uponyaji, utampa mtu uji leo kesho akafa akaenda jehanamu ukiwa umemkalia kimya kwa kuogopa kumkwaza? Upendo gani huo? Hata huyo Edmund John unayemtaja alikuwa anahubiri toba na watu walitoa hirizi zao. Hakuwa anagawa sabuni.

---

Kisiki cha Mpingo

Mkuu Moto wa Uamsho nakupa tano, umesoma sura nzima, wengi hawasomi. Ila angalia mpangilio. Naamani alikiri BAADA ya kutoka majini akiwa mzima, tena alirudi mwenyewe kutoka mtoni, hakuna aliyemfuata na daftari. Kule mtoni alienda na hasira zake na dharau zake, anauliza kwani mito ya Dameski ina kasoro gani, na bado akapona. Elisha hakumwekea imani kama kiingilio.

Kuhusu Edmund John ni kweli alihubiri toba, na watu walikuja wenyewe kwa miguu yao wakijua wanaenda kwa nani. Mgonjwa wa wodini hajaja kwako. Amelala, mpira wa mkojo umening'inia, hawezi hata kukuambia toka. Huko kuhubiriwa akiwa hana pa kukimbilia ndio ninakokukataa, sijakataa kuhubiri.

Mbishi Asilia, nitakujibu ila naona kuna watu wanajua historia kuliko mimi, nawasubiri.

---

Mzee wa Masasi

Vijana nawasalimu. Mbishi, usiseme dini ikae mbali na wodi kama hujui wodi zilitoka wapi. Sisi wa kusini bila misheni tungekuwa tunasimulia mambo mengine. Peramiho na Ndanda ni Wabenedikti, huku kwetu Masasi ni Waanglikana wa UMCA, misheni ya Waingereza. Lulindi alikuja daktari Mwingereza Leader Stirling mwaka 1935, alianza upasuaji kwenye majengo ya miti na nyasi huko, watu wanatoka mbali wanabebwa kwenye machela za mianzi. Wamakua, Wamakonde, Wayao, na Wayao wengi unajua ni Waislamu toka enzi. Nani aliwauliza? Baadaye yule daktari mwenyewe alihama kutoka Anglikana akawa Mkatoliki, akaenda Mnero upande wa Nachingwea akaendelea na kazi ileile kwa watu walewale. Akachukua uraia, akawa mbunge, na Mwalimu akamfanya waziri wa afya 1975 hadi 1980. Mtu kabadili kanisa lakini mgonjwa wake hakubadilika, ndicho ninachotaka muone.

Na kaskazini hivyohivyo, KCMC ya Moshi imefunguliwa 1971 chini ya shirika linaloitwa Msamaria Mwema, jina lenyewe linajieleza. Haydom kule Mbulu Walutheri wa Norway walifungua 1955, majirani zake ni Wairaqw, Wadatoga, Wahadza, sasa niambie Mhadza wa mwaka ule alikuwa anasali dhehebu gani. Bugando ya Wakatoliki ilifunguliwa 1971, serikali ikaichukua 1972, ikarudishwa 1985, na katika mabadiliko yote hayo mgonjwa wa Ukerewe alipanda meli akatibiwa. Hospitali teule mnazozisikia mawilayani nyingi ni za makanisa, serikali inaleta watumishi na ruzuku maana yenyewe haikuwa na hospitali hapo. 1992 makanisa na serikali wakawekeana mkataba ikazaliwa CSSC, Tume ya Kikristo ya Huduma za Jamii, Wakatoliki na wale wa CCT (umoja wa makanisa ya Kiprotestanti) kwa pamoja.

Kwahiyo hiyo orodha ya huyo mzee wa kanisani kwenu ni kurudi nyuma.

---

Mbishi Asilia

Mzee shikamoo. Sijapinga hospitali za misheni, hata mimi nimezaliwa kwenye mojawapo. Dokta wa misheni alikuwa anapasua. Hawa wanaimba. Ni vitu viwili tofauti.

---

Mzee wa Masasi

Marahaba. Hapo una hoja kijana.

---

Binti Pangani

Asalaam alaykum na habari zenu ndugu zangu. Mimi ni Muislamu naomba niseme kidogo kama mtu wa "kwao" maana naona mnatujadili kama hatupo humu 😂

Mama yangu allah amrehemu alilazwa muda mrefu hospitali ya misheni kwetu mkoa wa Tanga. Wodi ile wagonjwa wengi walikuwa Waislamu, si mnajua Tanga. Asubuhi manesi walikuwa wanasali sala yao fupi pale mlangoni kabla ya kuanza zamu, mama alikuwa akisema dua ni dua mwanangu acha waombe. Kulikuwa na sista mmoja wa makamo, yeye kila jioni akipita anauliza hivi: "mama leo tukuombee au tukuache upumzike?" Siku mama akisema niache, anamwacha kweli, anamtengenezea mto anaondoka bila kununa. Na alfajiri alikuwa anamsogezea beseni na kopo la maji atawadhe hapohapo kitandani, hakuwahi kuambiwa, aliona tu mama anahangaika kushuka. Mpaka leo nyumbani kwetu yule sista anatajwa kwenye dua. Kanisani hatujaenda hata mmoja, na yeye hakutarajia.

Sasa upande wa pili. Nimeuguza mdogo wangu Dar hospitali nyingine, siitaji, kikaja kikundi cha watu wa maombi, hata hatujasalimiana mtu kashamwekea mkono kichwani anakemea. Anakemea jini. Mdogo wangu alikuwa na mguu umevunjika alipogongwa na bodaboda! Jini lipi? Akamaliza akatuachia karatasi ya ratiba ya ibada na pakiti ya biskuti. Biskuti tulikula 😂 ila moyoni iliniuma kuona mtu anapewa biskuti kama chambo.

Na jambo dogo nawashauri bure: mkileta chakula, nyama acheni. Sio dharau, mgonjwa Muislamu hajui nani kachinja na anaona aibu kuwauliza, ataacha chakula chini ya kitanda alale na njaa. Leteni samaki, maharage ya nazi, uji wa mchele, mayai. Hapo kila mtu anakula hakuna maswali.

---

Kisiki cha Mpingo

Dada Binti Pangani waalaykum salaam, Mungu ampe mama pumziko jema. Hilo la nyama aisee sisi tumekuwa tukipeleka pilau la nyama miaka yote na hakuna aliyewahi kulisema. Na tulikuwa tunaona hotipoti zinarudi zimeguswa nusu tunasema wagonjwa hawana hamu ya kula.

Hilo swali la "tukuombee au tukuache" nimeliandika pembeni. Maana ni swali tofauti kabisa na unasali wapi. Moja linampa mgonjwa nafasi ya kusema hapana, lingine linamwekea kabila.

---

Nesi wa Zamu ya Usiku

Mtoa mada naomba niwaambie kutoka upande wa pili wa kitanda, mi ni muuguzi, na Mkristo pia kabla hamjanirukia.

Vikundi tunavipenda na tunaviogopa. Mnakuja watu kumi na tano kwenye wodi yenye vitanda vimebanana na wengine chini, mnazunguka kitanda kimoja hata dripu ikiisha sipati pa kupita. Njooni wachache. Pita kwa sista msimamizi kwanza, uliza kuna nani asiyeguswa leo. Mgonjwa wa kuungua moto usimpake mafuta yenu hata yawe yametoka Yerusalemu, wale ngozi haipo, mnatuletea maambukizi. Anayesubiri kuingia theatre ameambiwa asile wala asinywe kitu, nyie mnampa juisi kwa huruma, upasuaji unaahirishwa na hiyo siku nyingine ya kupangiwa haijulikani ni lini. Wa kisukari na juisi za boksi hapo nisiseme.

Na hili linaniuma kuliko yote. Mtu anasimama anaomba kwa sauti "Bwana muondolee mama huyu virusi." Umejuaje? Umesoma faili mlangoni au umesikia kwa jirani yake. Na kitanda cha pili yupo shemeji yake. Umetoka pale unashangilia umeomba kwa nguvu, umeacha ndoa inavunjika. Ombeni kwa jumla, Mungu anajua majina ya magonjwa hamna haja ya kumtajia.

Nyingine: msimwambie mgonjwa umepona acha dawa. Kamwe. Hata kama umeona maono. Mwache daktari aone hayo maono kwenye vipimo.

---

Moto wa Uamsho

Nesi hapo kwenye dawa nakubaliana na wewe 100%, sisi kwetu tunafundisha mtu aombewe na arudi akapime. Wanaosema acha dawa wanatuharibia wote.

---

Kuku wa Kienyeji

Ila jamani tuseme ukweli, kama ni kutouliza dini hakuna aliyemfikia Babu wa Loliondo 😂😂 Mwaka 2011 Samunge pale walikuwepo mashekhe, mapadri, mawaziri, wafanyabiashara wa Kihindi, Wakenya, kikombe kimoja kilekile cha dawa ya mizizi shilingi 500 kwa wote. Mchungaji mstaafu wa KKKT (Walutheri), hakuuliza mtu cheti cha ubatizo. Mjomba wangu alilala kwenye gari siku kadhaa kwenye ile foleni ya porini. Kwa kipimo cha mtoa mada basi ile ndio ilikuwa huduma kubwa kuliko zote Afrika Mashariki au sio?

---

Kisiki cha Mpingo

Kuku wa Kienyeji umenibana na nakubali kubanwa, hii ndio raha ya humu.

Mimi huyo Babu, mzee Mwasapila (Mungu amrehemu, alifariki Julai 2021), siwezi kumwita tapeli. Shilingi 500 wakati wenye mabasi na landkruza walikuwa wanatoza nauli za ajabu, waliotajirika Loliondo walikuwa wenye magari na wauza maji. Mlango wake ulikuwa wazi kwa kila mtu, hilo nampa. Ila watu walitolewa wodini wakapakiwa kwenye magari, wapo waliofia njiani na kwenye foleni, na wapo walioacha ARV wakiamini kikombe kimemaliza kazi. Kwahiyo kuwa wazi kwa wote peke yake haitoshi, mtu akitoka kwako awe na nafuu au basi awe vilevile alivyokuja, asiwe pabaya zaidi.

Na upande huo huo tukumbuke Moshi, uwanja wa Majengo, tarehe 1 Februari 2020. Watu 20 walikufa wakikanyagana wakikimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Hao nao walitoka makanisa tofauti tofauti, hakuna aliyeulizwa mlangoni. Ukikusanya wagonjwa na wenye shida maelfu usiku halafu ukawapa kitu kimoja cha kukigombania, hata ungekuwa na nia njema namna gani umewaweka hatarini. Yakobo 5 inasema mgonjwa awaite wazee wa kanisa, WAZEE NDIO WAENDE kwake wamwombee na kumpaka mafuta. Sisi tumegeuza, mgonjwa ndiye asafiri, apange foleni, na alipe gesti.

---

Mbishi Asilia

Hapo sasa umeongea. Wazee ndio waende. Hiyo nimeikubali hata mimi nisiyeenda kanisani.

---

Jumuiya ya Chini

Kwetu Wakatoliki tarehe 11 Februari ni Siku ya Wagonjwa Duniani, Papa Yohane Paulo wa Pili aliianzisha 1992, ikaanza kuadhimishwa 1993. WAWATA (umoja wa wanawake Wakatoliki) na jumuiya tunaenda hospitali, padri anatoa mpako wa wagonjwa kwa Wakatoliki maana hiyo ni sakramenti ina utaratibu wake, hatumpaki kila mtu. Sasa nauliza mtoa mada, hapo tunabagua? Maana mwaka juzi kuna bibi Mlutheri aliona wenzake wanapakwa akalia.

---

Kisiki cha Mpingo

Mkuu mimi sio Mkatoliki siwezi kuingilia sakramenti za watu. Kila kanisa lina vitu vyake vya ndani na sioni ubaguzi hapo, hata sisi meza ya Bwana ina utaratibu. Ila yule bibi aliyelia, kuna mtu alikaa naye? Hapo ndipo ningeangalia. Padri angeweza kumshika mkono akamwombea sala ya kawaida tu bila mafuta, sidhani kama kuna sheria inakataza.

---

Jumuiya ya Chini

Padri alikuwa ameshahamia wodi nyingine. Mama mmoja wa WAWATA ndiye alirudi akakaa naye, wakaimba tenzi za Kilutheri, yule mama alikuwa anazijua maana ameolewa kutoka Machame 😂

---

Kisiki cha Mpingo

Basi kazi ilifanyika.

Nirudi kwa Mbishi nilimuahidi jibu. Umesema dokta wa misheni alikuwa anapasua sisi tunaimba. Kweli. Mi sina ujuzi wa kupasua. Ila kwenye wodi zetu hizi nani anamfulia mgonjwa shuka zake? Ndugu. Nani anamletea chakula? Ndugu. Nani anaenda kununua dawa isiyopo dirishani? Ndugu. Nani anachangia damu? Ndugu. Sasa kuna mtu kaletwa kutoka Kigoma au kaokotwa barabarani, hana ndugu mji mzima huu. Huyo hata apate daktari bingwa atateseka. Tulimkuta baba mmoja wodi ya wanaume, mfanyakazi wa mashua za uvuvi, shati moja, alilazwa nalo na damu yake imekaukia humo, kila siku anageuza upande. Wenzetu wakamfulia, mmoja akaenda naye kwa watu wa ustawi wa jamii kufuatilia msamaha wa bili maana hakujua hata hiyo ofisi ipo. Anasali wapi? Sijui. Hatukuuliza, na mpaka anatoka hakusema. Hiyo ndio sehemu yetu, haihitaji digrii ya udaktari, inahitaji beseni na muda.

Na kama mnataka mfano mkubwa wa hiyo roho angalieni hospitali ya CCBRT pale Dar, asili yake ni ya Kikristo, toka 1994, wanawake wenye fistula (kuvuja mkojo baada ya uzazi mgumu) wanatibiwa bure, na wakajua tatizo sio upasuaji tu, ni nauli, kwahiyo wakawa wanatuma nauli kwa M-Pesa ili mama wa kijijini aweze kupanda basi. Mwanamke aliyekimbiwa na mume kwa sababu anavuja mkojo, anatumiwa nauli na watu asiowajua. Hapo mimi naona uponyaji mkubwa kuliko wa kwenye jukwaa wenye spika kumi na kamera.

---

Moto wa Uamsho

Mtoa mada mi bado naamini ishara na miujiza, na usiseme jukwaa lote ni uongo, mimi mwenyewe nimeona mtu akisimama. Lakini nauliza swali la kweli sio la ubishi. Mkifua na kulisha na kuondoka bila kumtaja Yesu, tofauti yenu na NGO ni nini?

---

Kisiki cha Mpingo

Swali zuri na linaniumiza kichwa hata mimi. Sisemi tusimtaje. Tunaingia na vitenge vya kanisa vina msalaba mgongoni, kila mtu anajua tumetoka wapi, hakuna anayejificha. Mtu akiuliza kwanini mnafanya haya tunamwambia wazi. Akisema niombeeni tunaomba kwa jina la Yesu sio kwa jina la serikali ya mtaa. Ninachokataa ni kuweka hesabu, kwamba sabuni hii imezaa roho ngapi. Siku ukianza kuhesabu utaanza kuwaruka wale wasiozaa, utamruka mzee Muislamu, utamruka asiyejitambua, utamruka anayekufa kesho kwa sababu hatafika Jumapili. Mwisho unabaki na orodha ya yule mzee wetu.

Wala sidhani muujiza na beseni vinagombana. Hukohuko kwenye injili yule aliyefufua binti Yairo alimaliza kwa kuagiza apewe chakula.

---

Moto wa Uamsho

Hiyo ya chakula sijawahi kuiona hivyo. Ngoja nikasome. Ila bado sijakubaliana na wewe yote.

---

Kisiki cha Mpingo

Sio lazima mkuu, tuko pamoja.

Wadau mrejesho, kikao kimekaa tena jana. Mzee wa orodha hajabadilika, na ana hoja moja ambayo haijajibiwa: hela inatoka kwa washirika, mshirika mjane anayechangia elfu mbili akilazwa yeye akute mfuko mtupu atajisikiaje? Hilo ni la haki kabisa. Basi mhazini akatoa wazo, mfuko ugawanywe, washirika wanaougua watembelewe nyumbani na kusaidiwa kwa fungu lao, na fungu la hospitali liwe la wodi, kitanda kwa kitanda, bila majina. Limepita kwa kura chache na mzee akasema atakuja aone. Nyama imefutwa (nilimtaja Binti Pangani bila jina, kikao kilikaa kimya kidogo halafu akinamama wakaanza kubishana nani atapika maharage). Watu watano tu kwa wodi moja. Na tumekubaliana swali ni lile la sista wa Tanga.

Nesi, nisaidie sasa, na hela yenyewe ndogo, tununue nini? Maana watu wanapenda kupeleka soda na biskuti kwa sababu zinaonekana kwenye picha.

---

Nesi wa Zamu ya Usiku

Hahaa kwanza picha acheni, mgonjwa na kanzu ya hospitali imefunguka mgongoni unampost fb ya nini.

Sabuni ya mche na ya unga, ndoo na beseni hata mbili ziachwe wodini, khanga za zamani safi hizi zinatusaidia sana kuliko shuka mpya, miswaki, mafuta ya kawaida ya kupaka maana wanaolala muda mrefu ngozi zinapasuka na vidonda vya mgongo vinaanza, maji ya kunywa. Kama kuna wenye afya njema waje kuchangia damu hiyo mtakuwa mmemaliza. Na pampasi za watu wazima, zile ni bei na ndugu wengi wanashindwa.

---

Binti Pangani

Mtoa mada mkipanga siku nitumieni PM, mimi na wifi yangu tutaleta maharage ya nazi na mchele, msiogope hatutawaombea bila kuwauliza 😂 Nesi hizo pampasi saizi gani?

---

Nesi wa Zamu ya Usiku

L na XL. Zile M zinatujazia stoo tu.